Tarumbeta Alipopoteza Sauti

Kiwandani walimwita Tarumbeta, na jina hilo alilipata siku mkanda wa mashine ulipomkamata mshonaji mmoja mkono wa gauni na kuanza kumvuta. Ukumbi mzima ulikuwa ukinguruma kwa cherehani. Fundi umeme alikuwa nje mlangoni anavuta sigara. Mwanamke huyu, akiwa amesimama upande wa pili kabisa na pini mdomoni, alizitema pini na kupiga ukelele mmoja tu: "Zima!" Fundi umeme alisimulia baadaye kwamba mkono wake ulikuwa umeshashusha swichi kuu kabla yeye mwenyewe hajajua kwamba ameingia ndani. Mshonaji alitoka salama. Kilichobaki kwenye mashine ni mkono wa gauni tu.

Kiwanda kilishona sare za shule na mashuka ya hospitali. Tarumbeta aliingia pale akiwa msichana wa kukata nyuzi zilizoning'inia, akapanda pole pole, akawa msimamizi wa ukumbi. Kila Jumatatu asubuhi alipanda ngazi za chuma kwenda chumba cha mikutano, chumba chenye kioo kirefu kilichotazama chini ukumbini, ili wakubwa wawaone wadogo wakifanya kazi. Ndani walikuwa Meneja, Mhasibu, Afisa Utumishi, Fundi Mkasi aliyesimamia meza za kukatia, na Mtunza Stoo ambaye alilala kwa adabu, macho wazi.

Katika chumba kile Tarumbeta hakuwahi kuomba nafasi ya kusema. Alisema. Mhasibu akisema uzi wa bei nafuu unatosha, yeye anajibu, "Unatosha kufungia mzigo, hautoshi kushonea mtoto anayepanda miti," na watu wanacheka, na Mhasibu naye anacheka ingawa hakupenda. Ilifika mahali Meneja akimwona anapanda ngazi anaanza kutafuta miwani aliyoivaa. Ukweli usemwe: si kila alilosema lilikuwa la maana. Mara nyingine alishinda kwa sauti tu, na yeye mwenyewe alijua, na hilo halikumkosesha usingizi.

Kisha rovu likamwota shingoni. Kwanza alilificha kwa mtandio, halafu mtandio ukawa haufichi tena, halafu akaanza kukabwa akilala. Madaktari wakasema likatwe. Likakatwa. Alipozinduka na kutaka kuomba maji, kilichotoka ni hewa, kama ya tairi linalopungua. Akadhani ni usingizi wa dawa. Siku zikapita, ikawa ile ile. Daktari akamweleza kwamba mshipa mwembamba unaoendesha sauti ulikuwa umeguswa wakati wa upasuaji. Huenda ukapona, huenda usipone. Akampa karatasi ya kwenda kwa mtaalamu wa sauti. Tarumbeta akaikunja, akaitia ndani ya kibeti, akaisahau kwa makusudi.

Mumewe, fundi redio aliyefanyia kazi zake chumba cha mbele cha nyumba yao, alijaribu mzaha. "Haya, nyumba imepata amani." Mkewe akamtazama, machozi yakamdondoka bila sauti yoyote, na mzee wa watu akashika bisibisi yake na kutoka nje kama aliyeitwa. Hakurudia tena mzaha ule.

Aliporudi kazini, ukumbini alijitafutia filimbi. Mlio mmoja ni kuanza kazi, miwili ni mapumziko. Huko chini mambo yakaenda. Ni huko juu ndiko yalikomshinda. Jumatatu ya kwanza alifungua kinywa kuzungumzia uzi uliokuwa ukikatika ovyo, na Mhasibu akaendelea na maneno yake. Hakufanya kwa ubaya, hakusikia tu. Akajaribu tena, akajikaza mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Afisa Utumishi akamshika mkono. "Pole, mama. Usijichoshe."

"Anachotaka kusema," akadakia Fundi Mkasi, "ni kwamba mikasi imekuwa butu."

Hakutaka kusema hivyo. Mtunza Stoo akaamka, akasema la hasha, mama analalamikia stoo kuvuja. Kila mtu akawa mkalimani wake, na kila mkalimani akatafsiri shida zake mwenyewe. Tarumbeta alishuka ngazi siku hiyo akiwa ameafiki mambo manne ambayo hakuyasema.

Ndipo Meneja akatoa wazo la Binti.

Binti alikuwa mtoto wa marehemu dada yake Tarumbeta. Alimchukua akiwa bado ananyonya kidole, akamlea pamoja na wanawe, akamsomesha hadi pale alipoweza, na alipomaliza akamwingiza kiwandani kwenye mashine za kola. Nyumbani Binti ndiye aliyeizoea upesi hali mpya ya Mama mdogo wake. Akisimama jikoni, yeye Tarumbeta akiwa uani, Binti aliweza kusoma midomo yake kupitia dirishani na kujibu, "Chumvi iko juu ya kabati." Basi Meneja akasema, huyo huyo aje mkutanoni, akae karibu na msimamizi, amsemee.

Wiki za mwanzo mambo yalikuwa mazuri kupita kiasi. Tarumbeta ananong'ona, Binti anasema. Neno kwa neno, hata kejeli hakuiacha. Aliposema, "Msimamizi anauliza kama Mhasibu amewahi kuvaa shati lililoshonwa kwa uzi huu, au analinunua lake kwingine," chumba kilicheka kama zamani, na Tarumbeta akahisi amerudi kwenye kiti chake.

Lakini msemaji ana kinywa chake. Binti akaanza kuongeza "tafadhali" mahali ambapo hapakuwa na tafadhali. Kisha "kama itawezekana." Kisha akawa ananong'onezewa sentensi tatu anatoa mbili. Macho ya mkutano nayo yakahama. Mwanzoni watu walimtazama Tarumbeta wakati Binti anasema. Sasa hata wakati Tarumbeta ananong'ona walikuwa wakimtazama Binti, wakingoja, kama watu wanaongoja chai ichemke. Meneja akimaliza jambo anauliza, "Binti, unaonaje?" Na Afisa Utumishi akamwambia Binti kwenye ngazi, kwa sauti ya chini ambayo wote waliisikia, kwamba kampuni inahitaji vijana wanaojua kuongea na watu vizuri.

Tarumbeta aliliona. Alijiambia mtoto anakua. Nani asiyependa mtoto wake akue?

Halafu ikaja Jumatatu ya wapiga pasi. Kiwanda kilikuwa kimeagiza mashine mpya na nafasi haikuwepo, kwa hiyo Meneja akasema kitengo cha pasi kishuke kwenye stoo ya chini. Kilikuwa chumba kikubwa, nusu yake chini ya ardhi, kilichowekwa mizigo miaka yote. Pasi zote zilikuwa za mvuke. Tarumbeta alikijua chumba kile. Alikuwa amewahi kujifungia humo akilia, siku dada yake alipofariki, kwa sababu ndipo mahali pekee ambapo hakuna mtu angemsikia.

Akamvuta Binti. Akanong'ona pole pole ili asipoteze neno hata moja: "Hapana. Chini hakuna dirisha hata moja. Mvuke utatoka kupitia wapi? Watoboe ukuta kwanza, ndipo wahame. Bila hivyo, hapana."

Binti akalamba midomo. Akamtazama Meneja, akamtazama Afisa Utumishi.

"Msimamizi anasema ni sawa," akasema, "ila anaomba, kama itawezekana hapo baadaye, yawekwe madirisha kwa ajili ya hewa."

"Bila shaka," akasema Meneja. "Hilo tutalitazama. Ajenda inayofuata."

Tarumbeta alimshika Binti mkono. Binti akatazama mbele. Tarumbeta akagonga meza kwa vidole, akagonga tena kwa kiganja. Mhasibu, aliyekuwa ameshaanza hesabu zake, akadhani mama ana kiu. Akamsogezea chupa ya maji, akatabasamu kwa huruma, akaendelea.

Kwenye korido, chini ya ngazi, alimsimamisha Binti karibu na ukuta.

"Nimesema hapana."

"Nimesikia, Mama mdogo."

"Mbona ukasema sawa?"

"Nimelainisha tu. Ukiwaambia watu wale hapana kavu kavu, wanafunga masikio. Nimewaomba madirisha, wamekubali."

"Hapana hailainishwi. Ukiilainisha inakuwa ndiyo."

Binti akakunja uso, akawa kama yule mtoto aliyekuwa akikataa kuogeshwa. "Wewe walikuwa wanakuogopa. Mimi nani ataniogopa? Leo wakinichukia, wakanitoa mle ndani, wewe utaongea na nani?" Halafu likamtoka lililokuwa chini ya yote. "Na mimi nataka kubaki pale. Sitaki kuzeekea kwenye kola."

Tarumbeta alipanda tena ngazi, peke yake, akagonga ofisini kwa Meneja. Meneja alikuwa kwenye simu. Akamwonyesha kiti kwa kidole, akaongea, akacheka, akaongea, na alipokata simu na mama wa watu kuanza kunong'ona, Meneja akainamisha kichwa kwa heshima zote, akasikiliza hewa ikitoka, kisha akasema, "Mama, mwache Binti aje anieleze vizuri. Tusitaabishane."

Wapiga pasi wakahamia chini.

Kati yao alikuwepo Mama Pacha, shoga yake Tarumbeta tangu siku za kukata nyuzi. Mama Pacha alikuwa na pumu, ya zamani, ambayo walikuwa wameshaizoea wote wawili kama mtu anavyomzoea jirani mgomvi. Wakati wa mapumziko alikuwa akipanda, anakaa kwenye ngazi za chuma, kanga imemgandia mgongoni, anavuta pumzi kwa awamu.

"Huko chini, shoga yangu," akamwambia, "nguo zinakauka, sisi ndio tunalowa."

"Omba ruhusa," Tarumbeta akanong'ona. "Nenda nyumbani upumzike."

"Nikapumzike kwa nani? Kwa pacha? Wale hata usingizini wanakula." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikachukua muda mrefu kuisha. "Wewe wewe. Wamekunyang'anya kelele zako, sasa tumepata tabu. Zamani ungepiga yowe moja tu, hata hilo boila la mvuke lingezima lenyewe."

Alisema kwa utani. Tarumbeta alirudi nyumbani na utani ule ukiwa umemkaa kooni, akafungua kibeti, akaitoa ile karatasi.

Mtaalamu wa sauti alikuwa msichana mwenye mafua na haraka. Alimwekea kioo kooni, akamwambia aseme "aaa," akasema mshipa ule haurudi. Tarumbeta akaanza kuinuka. "Kaa," yule msichana akasema. "Sauti hairudi. Sikusema huwezi kuongea." Akamwonyesha kuvuta pumzi hadi tumboni. Akamkataza kulazimisha koo. Akamwambia atumie sentensi fupi, na kila sentensi ipate pumzi yake. Mwisho akamwambia jambo lililomuudhi kabisa: asianze kusema mpaka watu wote wanyamaze.

"Na wasiponyamaza?"

"Simama. Watazame. Usishindane na kelele, mama. Watu wakiona mtu amesimama anangoja, wanaanza kujiuliza anangoja nini."

Alirudi nyumbani akamwambia mumewe, "Nimepoteza nauli kwenda kuambiwa ninyamaze ndiyo nisikike." Lakini akaanza kufanya. Mumewe alimsaidia kwa vifaa alivyonavyo: aliwasha redio kwa sauti ya juu kabisa, na sharti likawa kwamba mkewe hasemi mpaka mumewe mwenyewe aone haya aizime. Siku za mwanzo mzee alisikiliza mpira mpaka mwisho, kwa raha zake, na mkewe amesimama mbele yake kama nguzo. Baadaye akawa hafiki mapumziko. Kuna kitu katika yale macho, alisema. Mtu hawezi kushangilia bao mbele ya macho yale.

Alikuwa bado anajifunza siku jambo lilipotokea.

Ilikuwa mchana, kazi ya mashuka imebana, boila linapumua kama ng'ombe. Mpiga pasi mmoja alipanda mbio kutoka chini, akamshika Tarumbeta begani. "Mama Pacha ameanguka." Tarumbeta alishuka, akamkuta shoga yake ameketi sakafuni, wenzake wamemwegemeza ukutani, midomo imegeuka rangi, mikono inavuta hewa kama anayevuta kamba. Mvuke ulikuwa mzito hata nyuso za watu hazikuonekana vizuri. Akamwonyesha mmoja miguu, mwingine mabega. Yeye akatangulia juu kusafisha njia na kumwita dereva wa gari la mizigo.

Akafika ukumbini. Akafungua kinywa. "Nisaidieni!" Hewa. Cherehani zikanguruma. "Gari! Mwite dereva!" Hewa tupu. Mshonaji aliyekuwa karibu naye hata hakuinua kichwa.

Akapiga filimbi. Akapiga kwa nguvu zote, akavuta pumzi, akapiga tena.

Milio miwili. Ukumbi mzima ukazima mashine, ukashangaa kidogo kwamba leo mapumziko yamekuja mapema, ukafurahi. Watu wakainuka, wakajinyoosha, wakajimwaga kwenye ngazi za kutokea wakicheka na kutaniana, wamebeba vikombe vyao. Na ngazi zile ndizo walizokuwa wakizipanda wale waliombeba Mama Pacha. Walikwama katikati. Waliokuwa juu hawakujua kuna nini chini, waliokuwa nyuma wakawasukuma walio mbele, na Tarumbeta akawa anawatoa watu mmoja mmoja kwa mikono, akiwavuta nguo, akiwapiga mgongoni, mdomo wake ukifunguka na kufungika.

Hatimaye walipita. Gari la mizigo lilimpeleka hospitali. Hakufika akiwa hai.

Kwenye mazishi pacha wawili walisimama kila mmoja upande wake wa bibi yao. Watu walimpa Tarumbeta pole, kwa vile alikuwa shoga wa marehemu, naye akaitikia kwa kichwa. Binti alisimama mbali kidogo, kanga usoni.

Jumatatu mkutano ulikuwepo kama kawaida. Afisa Utumishi alisema maneno ya rambirambi, mazuri, yaliyopangwa. Kisha Meneja akakohoa, akasema kwamba marehemu, kama wote wanavyojua, alikuwa na maradhi yake ya siku nyingi. Na kwa sababu huko nje maneno yameanza kuzagaa, akataka ikumbukwe kwamba suala la kuhamia chini lilijadiliwa hapa hapa, na msimamizi mwenyewe aliliridhia. "Sote tulisikia," akasema.

Tarumbeta akainuka.

Binti naye akainuka, kwa mazoea, akaleta sikio. Tarumbeta akamwekea mkono begani, akamkalisha. Akatoka kwenye kiti chake, akaenda hadi mwisho wa meza, karibu na kioo, mahali ambapo Meneja alilazimika kugeuza shingo ili amwone. Akasimama. Mikono ameishusha.

Mhasibu alikuwa akimweleza Mtunza Stoo jambo. Aliendelea kidogo. Akamtazama Tarumbeta, akaendelea kwa sauti ya chini zaidi, akasahau alichokuwa akisema, akaacha. Afisa Utumishi akasema, "Mama, kama kuna jambo, Binti anaweza..." Tarumbeta akamtazama. Naye akaacha. Kimya kikaingia. Hakikuwa kimya cha heshima, kilikuwa cha watu wasiojua waweke wapi macho. Mngurumo wa cherehani ukasikika kupitia kioo. Akavuta pumzi hadi tumboni.

"Nilisema hapana."

Ilikuwa sauti ya karatasi ikikunjwa. Fundi Mkasi alisogeza kiti mbele. Mtunza Stoo alikuwa macho kabisa.

"Nilisema, chini hakuna dirisha." Pumzi. "Nilisema, wasihame." Pumzi. "Mimi sikusema sawa."

"Mama," akaanza Meneja, "sisi tulisikia kupitia kwa mwakilishi wako, na wewe ulikuwepo, hukupinga, na kwa kweli ukizingatia mazingira ya kazi, na oda ile, na kwamba yeyote angeweza..." Aliongea kirefu. Tarumbeta hakumkatiza. Alimngoja tu, kama alivyofundishwa, na jambo la ajabu, maneno ya Meneja kadiri yalivyoongezeka ndivyo yalivyozidi kuwa mepesi, mpaka yeye mwenyewe akayasikia na kuyakata katikati.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Wapiga pasi wanapanda leo."

"Leo haiwezekani, mama, mashine zi..."

"Nashuka sasa hivi kuwaambia. Anayekataa, aseme. Nimsikie."

Hakuna aliyesema. Fundi Mkasi akajikuna kidevu. "Meza yangu moja naitoa," akasema. "Waje upande wangu. Tutabanana."

Meneja alikuwa mtu wa kutafuta mlango. Akamgeukia Binti. "Hebu tuambie wewe. Siku ile, alisema sawa au hakusema?"

Binti alikuwa ameinamisha kichwa. Alipokiinua hakumtazama Mama mdogo wake. Alitazama ukuta.

"Kulikuwa na kelele," akasema. "Sikumsikia vizuri."

Tarumbeta alimwangalia mtoto aliyemlea, aliyeweza kumsoma midomo kupitia dirishani. Angeweza kusema neno. Watu wote walikuwa kimya, hata pumzi ilikuwepo. Akaufungua mlango, akashuka ngazi.

Wapiga pasi walipanda siku ile ile, na pasi zao, wakibanana na meza za kukatia. Wanawake walimshika Tarumbeta mikono. Wengine walilia. Yeye akili yake ilikuwa kwenye zile ngazi zilizojaa watu na vikombe.

Mwezi haukuisha, Afisa Utumishi akamwita, akamkaribisha kiti, akamwambia kwa sauti tamu kwamba kampuni inajali afya yake. Apumzike. Ametoa mchango mkubwa. Nafasi yake ataishika Binti, "na hiyo ni fahari kwako pia, mama." Siku ya kuondoka alipita mashine hadi mashine, akamwinamia kila mshonaji sikioni. Alichowaambia, kila mmoja alikiweka moyoni mwake.

Binti alihama nyumbani. Alisema chumba alichopanga kiko karibu na kazi. Baba yake mdogo alimsaidia kubeba godoro. Mama yake mdogo alikuwa na nguo anayoishona mkononi na hakuinuka.

Tarumbeta akaweka cherehani yake kwenye chumba cha mbele, karibu na redio zilizofunguliwa matumbo. Wateja wakawa wanakuja. Walizoea kuinama ili wamsikie, na baadhi yao wakasema huko mtaani kwamba mama yule ana maringo, hakusemeshi mpaka ubembeleze. Mambo ya kiwandani aliyasikia kwa waliopita. Msimamizi mpya si mbaya, walisema. Anaongea vizuri. Anasema "tutalitazama."

Ilipita mvua, likaja joto. Jumapili moja Binti akasimama mlangoni. Alikuwa amekonda.

"Wanataka kuwarudisha wapiga pasi chini," akasema. Hakuwa amesalimia. "Nimewaambia hapana. Mhasibu akacheka. Akasema nimeanza kuwa kama wewe. Wengine wakacheka. Nikanyamaza."

"Wanahama lini?"

"Jumatano. Mmoja wao ana mimba, Mama mdogo. Kubwa."

Tarumbeta hakumwambia kaa, wala hakumwambia nenda. Aliendelea kushona mpaka mwisho wa mshono, akakata uzi, akatafuta viatu vyake chini ya meza. "Wanakaa wapi?" akanong'ona. "Nipeleke."

Walikwenda nyumba hadi nyumba, hadi giza likaingia, Binti mbele akionyesha njia, Tarumbeta nyuma. Kila mlango aliingia peke yake. Binti alibaki nje, hakuna aliyemwomba amsemee mtu.

Jumatano wapiga pasi walifika, wakasimama juu ya ngazi za stoo, wasishuke. Hawakuimba wala hawakubeba bango. Meneja alikuja akafoka. Wakamngoja amalize. Akafoka tena, wakamngoja. Binti alitoka kwenye ofisi ya msimamizi, akapita katikati ya ukumbi huku watu wote wanamtazama, akaenda kusimama nao. Mpaka jioni walikuwa wamefukuzwa wote, yeye akiwa wa kwanza kuitwa jina.

Ukuta ulikuja kutobolewa. Kelele za kufukuzwa huko zilikuwa zimefika kwa wateja wenye oda, nao hawakutaka mashuka yao yahusishwe na habari kama hizo. Madirisha yapo hadi leo, mapana, yenye nondo, yanatoa mvuke mweupe kwenye uchochoro. Wanaopiga pasi humo ni wengine. Wale wa kwanza wengine wamepata vibarua, wengine hawajapata, na yule mwenye mimba alijifungua salama kisha akahama mji na mumewe. Pacha wanalelewa na bibi yao. Mmoja ameacha shule.

Binti alirudi na godoro lake jioni moja. Baba mdogo akalipokea, akalitupa chumbani, akatoka kwenda kununua mkate ambao hakuna aliyemtuma. Binti akabaki katikati ya chumba, mikono haina pa kwenda.

"Siku ile nilikusikia," akasema.

"Najua."

"Nilikusikia neno kwa neno."

"Najua," Tarumbeta akasema. Akasogea upande mmoja wa benchi. "Nishikie hicho kitambaa, kinateleza."